HABARI YA POSTA, NA SABABU INAYOTUHUSU SISI WA RELI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku ile.)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Katibu, wazee wetu mliostaafu, akina mama, na ninyi ndugu wanachama nyote,



Katika mkutano uliopita lilisomwa ombi la ndugu zetu wafanya kazi wa posta tunaokaa nao jirani. Wanaomba matawi yetu mawili yaunde halmashauri moja ya kusaidiana, hasa katika mambo ya wazee wanaostaafu na ya wajane. Ombi lilipokwisha kusomwa, mwenzetu mmoja alisimama akauliza: "Watu wa posta wanatuhusu nini? Wao ni barua, sisi ni gari moshi. Kila mtu na abebe mzigo wake." Wengi walipiga makofi.

Hatukutaka kujibu kwa hasira. Tulimwomba Bwana Mwenyekiti atupe nafasi leo tueleze habari ya posta tangu mwanzo wake, kisha ninyi wenyewe mtapiga kura. Sisi si wasomi wakubwa. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukashika kazi. Lakini kusoma twajua, na kuuliza wazee twajua. Tena yeyote aliyefundishwa na misheni kama sisi anafahamu kwamba karibu na lile neno la kila mtu na mzigo wake, lipo neno jingine la kuchukuliana mizigo. Basi sikilizeni kwa uvumilivu.

1. ZAMANI ZA MATARISHI

Hapo kale barua katika nchi hizi zilikwenda kwa miguu ya watu na kwa tanga za majahazi. Waswahili wa pwani walikuwa wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla ya Mzungu kufika. Nahodha aliyetoka Lamu kwenda Unguja alitiwa barua mkononi, naye alizifikisha kwa heshima yake. Hapakuwa na stempu. Palikuwa na uaminifu.

Mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuja Unguja kutoka Aden kila mwezi. Zilikuja kwa mkataba wa Serikali ya Kiingereza, na kiini cha mkataba ule kilikuwa kuchukua barua. Mara nyingi barua ndiyo iliyolipa nauli ya meli kabla ya bidhaa kuwa nyingi. Jambo hili tulikumbuke, maana tutaliona tena katika reli.

Mwaka 1890 ile Kampuni ya Kiingereza iliyopewa kutawala sehemu zetu ilifungua posta Mombasa na Lamu. Haikuwa hata na stempu zake. Ilichukua stempu za Uingereza zenye sura ya Malkia Victoria, ikapiga chapa ya jina la Kampuni juu yake na bei ya anna, maana fedha ya siku zile ilikuwa rupia ya Kihindi. Baadaye mwaka ule ule ilitoa stempu zake yenyewe zenye picha ya jua. Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni ilishindwa na gharama, Serikali ya Kiingereza ikaitwaa nchi, na posta ikaingia mkononi mwa Serikali.

Lakini stempu haitembei peke yake. Toka Mombasa kwenda Uganda, aliyebeba barua ni mpagazi na tarishi. Mfuko kichwani, fimbo mkononi, jua la Taru mbele yake. Barua ya Uganda ilichukua miezi. Tarishi aliyekufa kwa kiu au kwa simba hakuandikwa jina lake. Ndugu, hao ndio wafanya kazi wa kwanza wa posta ya nchi hii, na hatuna habari kwamba mmoja wao alipata malipo ya uzeeni.

2. RELI NA POSTA WALITEMBEA PAMOJA

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi Mei 1899, maili 327, na Kisumu Desemba 1901, karibu maili 580. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Habari hiyo twaijua sote, maana ni habari ya nyumba yetu.

Lakini je, mmewahi kufikiri kwamba pamoja na chuma cha chini kulikuwa na waya wa juu? Waya wa simu ulifuata njia ya reli. Reli haikuweza kwenda bila waya, maana stesheni moja lazima iiambie nyingine kwamba gari limeondoka. Na posta haikuweza kwenda bila reli. Barua iliyokwenda miezi sasa ilifika ziwani kwa siku chache tu, kisha ikapanda meli ya ziwa hadi Uganda. Katika stesheni nyingi ndogo, bwana stesheni ndiye aliyekuwa pia bwana posta. Dirisha moja liliuza tikiti na stempu. Mifuko ya barua ilipakiwa na mikono yetu, ikalindwa na gadi wetu. Wazee wetu wanakumbuka kwamba gari la abiria liliitwa gari la "meli", na sababu yake si meli ya baharini. Ni kwamba lilichukua barua za posta, na Mwingereza huziita hivyo.

Basi anayesema posta haituhusu, na atuambie ni lini tulitengana.

Tuseme kweli pia. Posta na reli havikuletwa kwa ajili yetu. Vililetwa ili Serikali iweze kutawala na walowezi waweze kuuza mazao yao. Watu wa Nandi waliliona jambo hilo mapema. Walikata waya, wakatengeneza mapambo na silaha, wakapigana na njia ile iliyokatiza nchi yao, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905, siku aliyoitwa kuzungumza habari za amani. Sisi tunaokula mkate wa reli tusisahau kwamba njia hii ina damu.

3. SENTI MOJA KWA WOTE

Hapa twataka kueleza jambo moja la kazi ya posta ambalo wengi wetu hatulitazami.

Kwao Uingereza zamani, aliyelipa barua alikuwa yule anayeipokea, na bei yake ilihesabiwa kwa maili na kwa idadi ya karatasi. Maskini alipoletewa barua ya mwanawe alishindwa kuikomboa, ikarudishwa. Bwana mmoja jina lake Rowland Hill alikaa akapiga hesabu. Akaona kwamba kuchukua barua moja kutoka London mpaka Edinburgh kuligharimu sehemu moja tu ya thelathini na sita ya peni. Gharama kubwa haikuwa safari. Gharama ilikuwa makarani wengi wa kuhesabu bei na kudai fedha mlangoni. Akashauri bei iwe moja kwa nchi nzima, peni moja, na anayetuma alipe kwanza. Mwaka 1840 jambo hilo lilifanywa, na stempu ya kwanza ya kubandika duniani ikatoka mwezi wa Mei mwaka huo.

Desturi hiyo ya bei moja ilifika kwetu. Barua ya kutoka Nairobi kwenda Lodwar, na ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili, stempu ni ile ile. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba barua ya mjini, iliyo rahisi, inamsaidia yule wa mbali. Aliye karibu anamlipia aliye mbali, bila kelele na bila kuombwa. Mfanya biashara hangefanya hivyo. Angefungua duka mjini tu, Lodwar akaiachia Mungu. Hiyo ndiyo tofauti ya huduma ya taifa na duka.

Na katika Kenya posta haikuwa na desturi ya kupeleka barua nyumba kwa nyumba kama Ulaya. Barua huja katika sanduku la posta. Wengi wetu hatukuwa na sanduku; tulitumia sanduku la shule, la kanisa, la duka la Mhindi, au la mwajiri. Mnakumbuka Ijumaa mwalimu akisimama mbele ya mstari na kuita majina? Mtoto alikimbia nyumbani na bahasha, na mama ambaye hajui kusoma aliishika kwanza juu chini, akainusa, kisha ndipo akampa mtoto amsomee. Nje ya posta za mjini walikaa waandishi wa barua na mashini zao za kupiga chapa, wakiuza maneno kwa wasiojua kuandika. Fedha za karo zilikwenda kwa hawala ya posta. Mwenye senti chache aliweka katika Benki ya Akiba ya Posta, iliyoanzishwa mwaka 1910, ambayo haikumdharau mtu kwa udogo wa fedha zake.

4. BARUA WAKATI WA TAABU

Katika vita vya pili vya dunia vijana wetu wa Keya walipelekwa mpaka Burma. Barua zao zilifunguliwa na kusomwa na maofisa kabla ya kupelekwa nyumbani, na maneno yasiyopendeza yalifutwa. Hata hivyo barua zilifika, na mzee kijijini alijua kwamba mwanawe yu hai.

Kisha mwaka 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Maelfu walifungiwa makambini, na kambi ya Manyani ilikuwa kando ya reli yetu. Josiah Mwangi Kariuki, aliyefungwa katika makambi mengi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 jinsi wafungwa walivyoandika malalamiko yao kwa siri na kuyatorosha yafike kwa wakubwa na kwa wabunge wa Uingereza. Fikirini jambo hilo. Mtu hana bunduki, hana chakula cha kutosha, hana wakili. Ana kipande cha karatasi. Lakini karatasi ile ikitiwa katika bahasha na kubandikwa stempu, inaingia katika mfuko pamoja na barua za mabwana, na hakuna anayeijua. Mfuko wa barua hauna ubaguzi.

5. MSHAHARA WA TATU KWA TANO

Mfuko haukuwa na ubaguzi, lakini dirisha la mishahara lilikuwa nao.

Tangu tarehe 1 Januari 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1935 stempu moja ilibeba majina ya nchi tatu. Katika stempu hizo palikuwa na picha ya simba, ya korongo, ya jahazi ziwani, ya mlima Kilimanjaro, na ya daraja la reli juu ya mto Nile. Mnaona? Hata katika stempu reli ilikuwamo. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika nazo ziliunganishwa, na huduma hizi zote zikawa chini ya baraza moja kuu la Afrika Mashariki.

Mabwana walijua faida ya kuungana. Lakini kwa wafanya kazi walifanya mafungu matatu: Mzungu, Mhindi, Mwafrika. Tume ya Holmes ya miaka ya 1947 na 1948 ilithibitisha kanuni ya kwamba asiye Mzungu, hata akifanya kazi ile ile, apewe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Tupige hesabu kidogo. Mzungu akipewa shilingi 500, mwenzake aliyekaa kiti cha pili, mwenye kitabu kile kile na muhuri ule ule, apewe 300. Barua aliyoipiga muhuri Mwafrika haikufika nusu njia; ilifika mwisho. Lakini mshahara wake haukufika. Ilikuwa mpaka tume ya Lidbury, mwaka 1954, ndipo kanuni hiyo ilipoondolewa, na hata hapo Mzungu aliachiwa nyongeza yake ya kumvuta aje kufanya kazi Afrika.

Je, iliondolewa kwa huruma? Hapana. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku kumi na mbili: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, na watumishi wa nyumbani. Tangu siku zile wakubwa walijua kwamba mfanya kazi wa Kiafrika anaweza kusema hapana. Na mwaka 1959, mwezi wa Novemba, wafanya kazi wa reli wa Kiafrika waligoma nchini Kenya. Kisha mwishoni mwa mwaka ule na mwanzoni mwa 1960 wafanya kazi wa posta nao waligoma. Wote walilia kilio kimoja: mshahara, na kupandishwa vyeo bila kutazamwa rangi.

Lakini, ndugu zangu, angalieni kosa letu. Reli waligoma. Reli waliporudi kazini, posta wakagoma. Kila mmoja alibeba mzigo wake. Mwajiri alikuwa mmoja, baraza moja, nyumba moja ya mishahara. Lakini sisi tulikuja kwake mmoja mmoja, kama watu wanaojitolea kupigwa kwa zamu.

6. JUMUIYA ILIPOVUNJIKA

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na siku ile Kenya ilitoa stempu zake yenyewe. Lakini huduma kubwa ziliendelea kuwa za pamoja. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala Juni 1967, ukaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka ule. Makao ya posta na simu yakahamishiwa Kampala, bandari Dar es Salaam, reli na ndege yakabaki Nairobi, na makao ya Jumuiya yenyewe yakawa Arusha.

Siku hizo mfanya kazi wa posta aliyezaliwa Nyeri aliweza kuhamishwa Tabora, wa Bukoba akaja Nakuru. Waliopangwa kazi mbali walioa huko, wakazaa huko. Kiswahili chao kikawa kimoja. Sisi tulio na miaka thelathini na kitu hatukuziona siku hizo, lakini baba zetu walituhadithia, na wengine wao wamekaa hapa mbele yetu.

Kisha viongozi waligombana. Zilikuwapo tofauti za siasa, na ugomvi wa nani anapata faida zaidi, na fedha za mashirika zikaacha kupelekwa makao makuu kama ilivyopasa. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege lilikufa, Februari mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na kufika katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa maiti. Mpaka haukufunguliwa mpaka Novemba 1983.

Vichwa vya gari moshi vilihesabiwa. Mabehewa yalihesabiwa. Meli, ndege, na majumba yalihesabiwa. Miaka ikapita, na tarehe 14 Mei 1984 huko Arusha serikali tatu zikatia sahihi mapatano ya kugawana mali na madeni: Kenya sehemu 42 kwa mia, Tanzania 32, Uganda 26. Lakini mfanya kazi aliyetoa nguvu yake miaka ishirini, na ambaye malipo yake ya uzeeni yalikatwa kila mwezi, yeye alihesabiwa lini? Huko Tanzania wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya walidai haki yao mahakamani na barabarani kwa miaka mingi. Wengine walizikwa wakidai bado. Katika mistari ile walisimama mtu wa reli, mtu wa posta, mtu wa bandari na mtu wa ndege, bega kwa bega. Walipokuwa kazini hawakuwa na halmashauri moja. Waliungana walipokuwa wazee, mikono mitupu, hawana tena kazi ya kugomea.

Ndugu, neno hili tulishike sana: afadhali kuungana ukiwa na kazi kuliko kuungana ukiwa na fimbo ya uzee.

7. NYAMA NA MIFUPA

Baada ya 1977 Kenya iliunda shirika lake la posta na simu. Barua na simu zilikaa nyumba moja, kama mtu na mkewe. Simu ilileta fedha nyingi. Barua ilifika kila pembe ya nchi. Mwenye fedha alimsaidia mwenye miguu.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria mpya, na mwaka 1999 nyumba ile ikagawanywa. Simu zikaenda Telkom, barua zikaachiwa Shirika la Posta, na ikaundwa tume ya kusimamia. Hatusemi kwamba mageuzi yote ni mabaya. Simu za zamani zilikuwa na taabu. Mtu aliomba simu akangoja miaka. Lakini tazameni mgawo ulivyokuwa. Upande wa simu ndio uliokuwa na nyama, na wenye mitaji wakaujia: mwishoni mwa 2007 sehemu 51 kwa mia ya Telkom iliuzwa kwa kampuni ya France Telecom. Safaricom, iliyoanza mwaka 1997 ndani ya shirika lile lile la posta na simu, ikawa tajiri kuliko mama yake. Upande wa barua, wenye wajibu wa kufika Lodwar na Mandera kwa bei ile ile, ukaachiwa mifupa.

Machi 2007 ikaja M-Pesa. Tangu hapo mtu hakuhitaji hawala ya posta kumpelekea mama yake fedha, alibonyeza simu. Sisi wenyewe tulifurahi, na bado tunafurahi, hatutawadanganya. Lakini ule mkono uliokuwa ukiandika hawala ulikuwa mkono wa mfanya kazi mwenzetu. Barua za kawaida nazo zilipungua, maana watu waliandikiana kwa simu. Nani aliyemwuliza yule karani: je, utafundishwa kazi mpya, au utaambiwa tu kwamba zamani zako zimepita?

Na sisi wa reli tusicheke. Mambo yale yale yalibisha kwetu. Novemba 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni ya watu binafsi kwa miaka mingi. Maelfu waliachishwa kazi. Mwaka 2017 mkataba ule ulivunjwa kabla ya wakati wake, reli ikarudi mkononi mwa Serikali, na mwaka ule ule reli mpya ya njia pana ikaanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi. Reli imerudi, lakini miaka ile ya watu haikurudi. Kati yetu humu yumo aliyeachishwa akiwa na watoto watatu shuleni, na siku aliyopewa barua ya kuachishwa ilimjia kwa sanduku la posta. Karani aliyemkabidhi alimjua, akamwambia, "Pole, mzee." Ndiye yule karani ambaye leo twauliza anatuhusu nini.

8. BASI TUFANYE NINI?

Katika habari hii yote tumepata mafunzo matatu, nasi twayaweka mbele yenu.

Kwanza, wakubwa wanapotaka kuunganisha au kugawanya huduma, wao huhesabu mali na madeni. Kazi ya chama ni kuhesabu watu, na kufanya hivyo siku ya kwanza, si baada ya sahihi kutiwa. Tuulize mapema: malipo ya uzeeni yanawekwa wapi, kwa jina la nani, na nani atayalinda? Jibu liandikwe kwenye karatasi. Neno la mdomo halibandikwi stempu.

Pili, huduma ya taifa haipimwi kwa faida peke yake. Barua ya Lodwar haina faida. Stesheni ndogo haina faida. Lakini ni kwa hizo watu wa mbali wanajua kwamba nao ni watu wa nchi hii. Tunapotetea kazi zetu tuseme na jambo hilo pia, ili mwananchi wa kawaida asitudhanie kwamba twapigania matumbo yetu tu.

Tatu, mwaka 1959 na 1960 tulikwenda mmoja mmoja. Mwaka 1977 tulitawanywa mmoja mmoja. Mwaka 1999 waligawanywa wao, sisi tukatazama. Mwaka 2006 ikawa zamu yetu, wao wakatazama. Tangu mwaka 2000 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeanza upya, na marais wanakutana. Ikiwa marais waliogombana wazee wao wameweza kukaa meza moja, je, mtu wa reli na mtu wa posta wanaoteka maji katika bomba moja watashindwa?

Wazee wawili wamekaa mstari wa mbele hapa. Mmoja alikuwa mtu wa kugeuza njia za reli, mwingine alikuwa karani wa kupanga barua. Usiku kwa usiku, miaka kumi na moja, huyu alifungulia gari njia, na yule aliteremsha mifuko. Hawakupata kujuana majina mpaka walipokutana katika mstari wa kuulizia malipo ya uzeeni. Jana tuliwauliza wangependa tuseme nini. Mzee wa posta alisema: "Waambie vijana wajuane majina sasa."

Bwana Mwenyekiti, twatoa hoja kwamba tawi letu likubali halmashauri ya kusaidiana na ndugu wa posta. Kwamba kila upande utoe wajumbe watatu. Kwamba kila mwanachama achange shilingi 100 kwa mwezi katika mfuko wa wazee na wajane, na hesabu yake isomwe wazi katika kila mkutano. Na kwamba kazi ya kwanza ya halmashauri iwe kumwandikia kila mzee aliyestaafu orodha ya karatasi anazotakiwa kuwa nazo, ili asisumbuliwe akirudishwa ofisi hata ofisi.

Anayekataa na asimame aseme, tutamsikiliza kwa heshima. Anayekubali na ainue mkono.



(Kura zilipigwa. Waliokubali 47, waliokataa 6. Yule ndugu aliyeuliza swali katika mkutano uliopita aliinua mkono wa kukubali, akachaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe watatu. Michango ipelekwe kwa Mtunza Hazina wa tawi, na kila mtu adai risiti yake. - Katibu)